Umemuuliza dawa anakunywa na nini?

Wadogo zangu mlioingia wodini mwezi huu, raundi ya juzi ilinikosesha raha. Mgonjwa ana chembe sahani (platelet, zinazosaidia damu kuganda) 22, yaani elfu 22 kwa maikrolita, anacheka na mwanawe kitandani, ufizi msafi, mkojo msafi. Lakini tayari kaandikiwa mifuko ya chembe sahani na deksamethasoni (dawa ya steroidi), na slaidi ya damu yake haijaangaliwa na mtu kwenye hadubini. Nawapenda, na makosa haya nayajua yanakoishia, kwa hiyo someni kabla ya zamu ya usiku.

1. Slaidi kwanza. EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande kichupani, inaweza kuzifanya chembe sahani zishikane ndani ya kichupa, mashine ikazihesabu chache wakati mgonjwa anazo za kutosha. Rudia kwa kichupa cha sitrati, halafu shuka maabara ukaangalie mwenyewe. Watu wa maabara hawaumi, na wengi wao wamewahi kumwokoa daktari na aibu. Ukikuta vipande vya seli nyekundu, mpigie bosi usiku huo huo, maana huenda ni TTP, ugonjwa wa vidonge vya damu kuganda kwenye mishipa midogo, na hapo mfuko wa chembe sahani si wa kukimbilia.

2. Homa je? Malaria hushusha chembe sahani, dengi pia. Waliofanya kazi Dar es Salaam kwenye mlipuko wa 2019 hawahitaji kukumbushwa. Tibu malaria, fuatilia FBP (kipimo cha hesabu kamili ya damu). Mara nyingi hupanda zenyewe.

3. ITP, yaani kinga ya mwili kuharibu chembe sahani zake yenyewe, kwa mtu mzima asiyetoka damu, mwenye 30 au zaidi, kwa kawaida ni ya kufuatilia tu. Ukianza prednisoloni (steroidi nyingine), panga siku hiyo hiyo utaishushaje. Miongozo ya Chama cha Hematolojia cha Marekani ya 2019 inataka isizidi wiki 6. Pima sukari na presha.

4. Eltrombopagi, kidonge cha kuuchochea mwili utengeneze chembe sahani. Hapa nikae kidogo.

Tulikuwa na mama mmoja wa ITP ambaye kila tukishusha prednisoloni, chembe sahani zilirudi chini ya 15 na pua ikaanza kutoka damu. Eltrombopagi haipatikani kila duka na bei yake inaumiza. Wanawe walichangishana wakainunua. Tukaandika 50 mg, 1x1 (kidonge kimoja mara moja kwa siku), tukaona tumemaliza. Kliniki iliyofuata, 11. Baada ya hapo, 9. Tukapandisha hadi 75, tukaanza kuzungumzia kutoa wengu. Mimi ndiye niliyeandika kwenye faili kwamba huenda hanywi dawa, na nikamsemesha kwa ukali mbele ya binti yake. Alilia. Hakuwa amekosa hata kidonge kimoja.

Mfamasia alimvutia kiti, akamuuliza, "Mama, dawa unainywa saa ngapi, na nini?"

"Asubuhi, nikishakunywa chai ya maziwa. Si ndivyo mlivyonifundisha?"

Na kweli tulimfundisha. Wakati wa prednisoloni tulimsisitizia asimeze dawa tumbo likiwa tupu. Dawa ilipobadilika, hakuna aliyemwambia kwamba masharti nayo yamebadilika. Kalsiamu ya maziwa huing'ang'ania eltrombopagi tumboni, na sehemu kubwa ya dawa haifiki kwenye damu. Mama wa watu alifuata maelekezo yetu kwa uaminifu, na jasho la wanawe likawa linapotea kila asubuhi.

Tukampangia ale chakula cha jioni mapema, dawa ameze saa nne usiku. Kanuni ni angalau masaa 2 kabla ya maziwa au masaa 4 baada yake. Vivyo hivyo vidonge vya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia zenye madini. Tukamrudisha 50 mg, maana dawa ikianza kuingia sawasawa, 75 ingeweza kuzipandisha kupita kiasi na damu ikaganda kwenye mishipa. Wiki mbili baadaye alikuwa na 64. Nilimwomba radhi, na binti yake akiwepo.

Kwa hiyo msiniambie "dawa imegoma" kabla hamjajua mgonjwa anakula nini na anameza saa ngapi. Na vipimo vya ini msivisahau.

5. Diklofenaki ya sindano kwa mgonjwa wa chembe sahani 10? Hapana. Aspirini pia hapana. Parasetamoli ya kumeza ipo. Kabla ya rituksimabu, dawa nyingine ya ITP, pima homa ya ini B.

6. Watoto. Mtoto wa ITP mwenye madoa ya damu kwenye ngozi tu, anayecheza vizuri, mara nyingi hahitaji dawa. Wengi hupona ndani ya miezi 6. Kazi yako hapo ni kwa mzazi. Kaa naye, mweleze kwamba mtoto akiumwa kichwa sana, akitapika, akilegea, au damu ya puani ikikataa kukata, aje hata usiku wa manane. Mwandikie kwenye karatasi, na namba ya simu ya wodi.