Kipimo cha vinasaba: HIPAA peke yake haikutoshi

Wiki yangu ya tatu kwenye dawati la kumbukumbu za wagonjwa, katika kliniki moja ya New York, nilimsababishia mama mmoja kutolewa damu mara mbili. Nilikuwa nimehamia kutoka jimbo jingine, HIPAA, sheria ya shirikisho la Marekani ya faragha ya taarifa za afya, naijua kama sala, na yule mama alishasaini fomu ya faragha. Nikaona kazi imekwisha. Maabara ikauliza: idhini ya kipimo cha vinasaba iko wapi? Haikuwepo, ikabidi damu itolewe upya.

Kumbe New York, katika kifungu cha 79-l cha sheria yake ya haki za kiraia, inataka idhini ya maandishi kabla ya kipimo chenyewe. Karatasi hiyo itaje kinachopimwa, nani atapewa majibu, na kwamba sampuli itaharibiwa kipimo kikiisha, au kabla siku 60 hazijapita tangu ichukuliwe, isipokuwa mgonjwa ameruhusu ikae zaidi. HIPAA haidai idhini ya namna hiyo. Yenyewe inalinda taarifa zikishapatikana.

Ninyi mnaoanza kazi hii, najua wengi mnakuja na wazo nililokuja nalo: serikali kuu ikishasema, jimbo linanyamaza. Kwenye faragha ya afya Marekani si hivyo. Ichukulieni HIPAA kama kima cha chini cha mshahara. Jimbo linaweza kuongeza juu yake. Sheria ya jimbo inayopingana nayo huanguka kwa kawaida, lakini ikiwa inalinda faragha ya mgonjwa zaidi, inasimama. Na kupingana si kutofautiana tu. Hasa ni pale ambapo huwezi kuzitii zote mbili. Mara nyingi unaweza, kwa hiyo unazitii zote, na kabati la mafaili linajaa.

Halafu kuna GINA ya mwaka 2008, sheria ya shirikisho inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya vinasaba vyake. Hiyo inazibana bima za afya, na waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Bima ya maisha haimo. Siku mgonjwa atakapokuuliza kama kampuni ya bima ya maisha itamnyima kwa sababu ya majibu yake, usimtulize kwa kumtajia GINA. Muulize kwanza anaishi jimbo gani. Florida, tangu 2020, inazuia kampuni hizo kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa sababu ya vinasaba vyake, ingawa ugonjwa ambao daktari ameshauthibitisha ni habari nyingine.

Illinois ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Chini ya HIPAA mgonjwa hana haki ya kukushtaki mahakamani. Anapeleka malalamiko kwa wizara ya afya ya shirikisho. Illinois ina sheria yake ya faragha ya vinasaba ya mwaka 1998, na humo mtu anafungua kesi mwenyewe: dola 2,500 kwa uzembe, 15,000 kwa kukusudia au kutojali, au hasara halisi ikiwa ni kubwa zaidi. Na msidhani vinasaba ni majibu ya maabara tu. Historia ya ugonjwa katika familia imo pia. Waajiri wameshtakiwa huko kwa sababu mwombaji kazi, kwenye uchunguzi wa afya, aliulizwa kama wazazi wake wana kisukari au ugonjwa wa moyo. Kwetu hilo ni swali la kawaida, karibu sehemu ya salamu. Kwenye fomu ya ajira ya Illinois ni kesi.

Mwisho, wale wanaokuja na karatasi ya kipimo cha mate walichonunua mtandaoni. Kampuni inayouza vipimo hivyo moja kwa moja kwa wateja kwa kawaida haibanwi na HIPAA, maana si mtoa huduma ya afya wala bima. California ilizitungia kampuni za aina hiyo sheria iliyoanza Januari 2022. Lakini daktari wako akiichukua karatasi ile na kuiweka kwenye faili la mgonjwa, nakala hiyo sasa iko chini ya HIPAA, na mwenye kuijibia ni kliniki yako.