Aliyefungwa Bila Kosa: Fidia Yake Ikatwe Mchango?

Swali: Assalaamu alaikum. Kaka yangu ni fundi umeme katika hoteli moja Unguja, mshahara wake shilingi 500,000. Mwajiri alimshtaki kwa wizi, akasimamishwa kwa nusu mshahara miezi 8, kisha akahukumiwa na kukaa Chuo cha Mafunzo (gerezani) miezi 26. Hukumu imefutwa kwenye rufaa. Sasa wamesuluhishana: anarudi kazini, analipwa malimbikizo yote milioni 15, na milioni 20 kwa dhiki na kuchafuliwa jina. Karani wa mishahara anasema atakata asilimia 7 ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) kwenye milioni 35 nzima. Mwengine anamshauri zote ziandikwe "fidia" asikatwe hata senti. Tumfuate nani? — *H. K., Wete*

Jibu: Waalaikumu salaam. Msimfuate yeyote kati yao. Na wa pili ndiye atakayemtia hasara kubwa zaidi, ingawa maneno yake ni matamu.

Mchango wa ZSSF unafuata mshahara. Milioni 20 za dhiki na jina si ujira wa kazi aliyoifanya wala aliyozuiwa kuifanya. Ni malipo ya madhara, na hazina sababu ya kukatwa mchango. Milioni 15 ni habari nyengine. Huo ni mshahara wake uliochelewa, na kuchelewa hakuugeuzi kuwa kitu chengine.

Hesabu yake ni hii. Nusu mshahara iliyozuiwa ni 250,000 mara miezi 8, yaani milioni 2. Mshahara kamili wa miezi 26 ni milioni 13. Asilimia 7 ya milioni 15 ni shilingi 1,050,000, na hiyo ndiyo sehemu ya mfanyakazi. Karani akikata kwenye milioni 35 atachukua 2,450,000, yaani 1,400,000 zaidi ya haki.

Sasa tazameni ushauri wa pili. Kaka yako akiandika kila kitu "fidia", anaokoa hizo 1,050,000 mkononi. Lakini mwajiri naye anaokoa sehemu yake, ambayo ni kubwa kuliko ya mfanyakazi, na miezi 26 inabaki tupu kwenye rekodi ya mwanachama. Miezi ndiyo inayoamua kama mtu atapata pensheni, na kwa kiasi gani. Kwa hiyo mwajiri akiwa mwepesi mno wa kukubali neno "fidia" kwenye kila shilingi, ulizeni kwa nini.

Hati ya suluhu iwe na vifungu viwili vilivyoachana. Cha kwanza kitaje malimbikizo mwezi kwa mwezi, kila mwezi na kiasi chake. Cha pili kitaje fidia ya madhara, na kiseme wazi kwamba si mshahara wala sehemu ya mshahara. Msikubali neno "malipo ya mwisho" juu ya jumla moja, kwa sababu karani atakayeisoma mwakani hatajua kipi ni kipi.

Kosa linalotokea sana ni mwajiri kupeleka mchango wa milioni 15 kama wa mwezi mmoja. Fedha zinaingia, lakini rekodi inaonesha mwezi mmoja wenye mshahara wa ajabu, na pengo la miezi 26 liko palepale. Orodha ya mchango inatakiwa ioneshe miezi 26 mipya, kila mmoja na 35,000 za mfanyakazi pamoja na sehemu ya mwajiri, halafu nyongeza ya 17,500 kwa kila mmoja wa ile miezi 8. Hii inachukulia kwamba nusu iliyolipwa wakati ule ilichangiwa. Kama haikuchangiwa, na yenyewe idaiwe.

Aende ZSSF mwenyewe, Unguja au Chake Chake, achukue taarifa ya michango yake kabla ya kusaini hati, na aichukue tena baada ya mwajiri kulipa. Abebe nakala ya hukumu ya rufaa yenye muhuri wa mahakama, hati ya kuachiwa inayoonesha tarehe ya kuingia na ya kutoka Chuo cha Mafunzo, barua ya kusimamishwa kazi, na karatasi ya mshahara wa mwisho kabla ya kesi. Alinganishe majina mapema: jina la babu lililorukwa kwenye hukumu lakini lipo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi linatosha kumrudisha nyumbani mara tatu.

Kodi ya mapato ina sheria yake. Malimbikizo ya mshahara yanatozwa kodi, na malipo ya kupoteza kazi pia yamo ndani ya mapato ya ajira. Ndiyo maana kile kifungu cha pili kisitaje kabisa kupoteza kazi, maana kazi yenyewe amerudishiwa. Na kama anataka sehemu ya milioni 20 imsaidie uzeeni, anaweza kuuliza habari za skimu ya hiari ya ZSSF. Huko anaweka kwa kupenda kwake.

Swali: Mtoto wa mama yangu mdogo yuko Leicester, Uingereza. Alikuwa na duka la posta, akatiwa hatiani kwa upungufu wa fedha ambao kumbe ulitokana na kompyuta. Sasa anasubiri pauni 600,000. Huku familia inasema serikali itamkata bima ya taifa (mchango wa hifadhi ya jamii wa kule) na kodi mpaka zibaki nusu. Ni kweli? — *M. S., Mkunazini*

Jibu: Si kweli. Mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulionesha upungufu ambao haukuwepo, na wenye maduka ya posta zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Sheria ya Mei 2024 ilifuta kwa pamoja hukumu hizo za England, Wales na Ireland Kaskazini kwa makosa yaliyodaiwa kutendeka kati ya tarehe 23 Septemba 1996 na 31 Disemba 2018. Scotland ilitunga yake. Mpango wa fidia ulifunguliwa Julai 2024. Mtu anachagua kuchukua pauni 600,000 na kumaliza, au kufanyiwa tathmini ya hasara zake zote, na kuna malipo ya awali ya pauni 200,000. Malipo hayo hayakatwi kodi ya mapato wala mchango wa bima ya taifa.

Msamaha huo ulihitaji kuandikwa kwa sababu ndani ya fidia kuna fungu la kipato kilichopotea, na fungu hilo linafanana mno na mshahara. Bila kanuni inayolitoa, afisa angekuwa na hoja ya kulikata. Lakini kinachosamehewa ni malipo yenyewe. Akiziweka benki zikazaa riba, riba ni pato jipya na ina kodi yake.

Jambo ambalo familia haikuliuliza ndilo lenye faida zaidi. Kama alifungwa, miaka ile haina mchango, na fidia iliyosamehewa haiijazi. Pensheni kamili ya serikali kule inataka miaka 35 ya michango, na chini ya miaka 10 mtu hapati kitu. Aliyefungwa kisha hukumu ikafutwa anaweza kuandikiwa michango ya muda aliokaa ndani bila kuilipia. Haiji yenyewe: aiandikie barua mamlaka ya mapato ya huko, ataje namba yake ya bima na tarehe za kifungo, na aambatishe uthibitisho kwamba hukumu imefutwa. Akinuia kurudi kuishi Unguja, ajue pia kwamba pensheni hiyo atalipwa huku, ila haitapanda kila mwaka kama inavyopanda kule.

Kwa waliofungwa bila kosa kwa kesi nyengine kule, mpaka Agosti 2023 fidia iliweza kupunguzwa kwa gharama za chakula na malazi ambazo mfungwa "aliziokoa" alipokuwa gerezani. Mtu kafungwa bila kosa, kisha anadaiwa kodi ya chumba. Kanuni hiyo ilifutwa baada ya kelele za kesi ya Andrew Malkinson, aliyekaa gerezani miaka 17.

Swali: Mjomba alitolewa kwa msamaha wa Rais siku ya Mapinduzi, naye tangu mwanzo anasema hakutenda. Tukidai fidia, itakatwa mchango? — *Bi. A., Mkoani*

Jibu: Bibi, swali la mchango liko mbali bado. Msamaha wa sikukuu unaondoa adhabu, hauondoi hatia. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unataja fidia pale hukumu ya mwisho inapofutwa, au mtu anaposamehewa kwa sababu jambo jipya limeonesha kwamba haki ilikosewa. Msamaha wa mjomba hauko hivyo.

Njia yake ni rufaa. Kama aliyemhukumu au kuikataa rufaa yake ni Mahakama Kuu, taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30. Zikipita, anaomba kuongezewa muda. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa mahakama inataka kila siku ya kuchelewa ielezwe. "Nilikuwa ndani" peke yake haitoshi. Aeleze lini aliomba nakala ya hukumu, lini alipewa, na nani aliichelewesha.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha imewahi kuamuru Watanzania walipwe fidia isiyokatwa kodi, ndani ya miezi 6, na riba ikichelewa. Lakini tangu tarehe 22 Novemba 2020 mtu binafsi hawezi kuifungulia Tanzania kesi mpya huko moja kwa moja. Kwa hiyo mjomba aanze na nakala ya hukumu yake, wiki hii akiweza.