Jibu: Kupunguza picha, mvuke na sindano zisizo na kazi kwa watoto wa chini ya mwaka wenye bronkiolaitisi

Mkuu, nalirudia swali lako kwa kifupi kwa wanaoingia sasa. Wodi yenu ya watoto, hospitali ya wilaya: karibu kila mtoto wa chini ya mwaka anayelazwa kifua kikipiga miluzi hutoka akiwa ameshapigwa picha ya kifua, amevutishwa mvuke wa salbutamoli kila baada ya saa 6, amechomwa deksamethasoni (steroidi) na amemaliza seftriaksoni (antibayotiki ya sindano). Mnataka kupunguza, ila mnaogopa kumwacha mwenye nimonia ya kweli. Hofu hiyo ina haki yake, kwa hiyo naanzia hapo.

Bronkiolaitisi, yaani uvimbe wa mirija midogo ya hewa unaoletwa na virusi, ina mwendo wake. Mafua siku 2 au 3, kisha kikohozi, pumzi zinaenda mbio, kifua kinabonyea, na ukisikiliza unapata miluzi na michakacho midogo pande zote mbili. Homa ikiwepo mara nyingi haifiki 39. Siku ya 3 hadi ya 5 ndiyo mbaya kuliko zote, halafu inalegea yenyewe, ingawa kikohozi kinaweza kufika wiki 3. Ukikuta homa ya 39 na kuendelea, michakacho iliyokaa sehemu moja tu ya pafu kila ukisikiliza, au mtoto aliyeanza kupata nafuu halafu akageuka, hapo fikiria nimonia ya bakteria na utibu.

Wapo ambao haya ninayoandika hayawahusu kabisa: aliye chini ya miezi 2 mwenye homa au pumzi 60 na zaidi kwa dakika (huyo ni ampisilini na jentamaisini kama mwongozo unavyosema), mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ambaye hali yake haijajulikana, mwenye utapiamlo mkali, mwenye ugonjwa wa moyo. Waandike kwenye karatasi ya ukutani kabla ya kitu kingine chochote, usije ukasikia mtu anasema "tumeambiwa tusitoe dawa".

Sasa picha. Kuna utafiti wa Toronto uliochapishwa 2007: watoto 265 wenye bronkiolaitisi ya kawaida walipigwa picha wote. Picha zilizoonyesha kitu tofauti na bronkiolaitisi zilikuwa 2 tu. Lakini kabla ya kuona picha madaktari walitaka kuwapa antibayotiki asilimia 2.6, na baada ya kuiona wakafika asilimia 14.7. Sababu yake ni nyepesi: makamasi yanaziba kijia cha hewa, kipande cha pafu kinanywea, kwenye filamu kinatoka doa jeupe, hasa juu kulia, na doa linasomwa "nimonia". Na hata doa likiwa la kweli, si hati ya bakteria. Utafiti wa PERCH, uliofanyika nchi 7 Kilifi ikiwemo na kuchapishwa 2019, uliangalia watoto wasio na VVU wenye nimonia kali ambao picha zao zilikuwa na kasoro. Virusi vya RSV, vilevile vinavyoleta bronkiolaitisi nyingi, peke yake vilibeba karibu asilimia 31. Kwa hiyo picha iombwe pale jibu lake litakapobadilisha kitu: anazidi kuzorota licha ya oksijeni, upande mmoja hauingizi hewa, kuna wasiwasi wa kifua kikuu au wa kitu kilichomezwa kikapita njia ya hewa.

Salbutamoli ndiyo ngumu kuiondoa, kwa sababu mama anaona mashine ikitoa moshi na anaridhika, na sisi tunaridhika pamoja naye. Dawa hii inalegeza misuli iliyokaza njia ya hewa. Kwenye bronkiolaitisi tatizo si misuli, ni uvimbe wa utando, makamasi na seli zilizobanduka kuziba mirija myembamba sana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2014 kilisema isitolewe kabisa, pamoja na adrenalini na steroidi. Miongozo yetu ya IMCI (ya kutibu kwa pamoja magonjwa ya utotoni) bado inaruhusu jaribio kwa mtoto mwenye miluzi, na sioni haja ya kugombana nayo. Ila jaribio liwe jaribio:

Safisha pua kwanza. Subiri atulie, ikiwezekana akiwa amelala kifuani kwa mama. Hesabu pumzi dakika nzima (dakika nzima, si sekunde 15 mara 4, maana watoto hawa wanapumua kwa mafungu), andika oksijeni ya damu na kama kifua kinabonyea. Toa mipulizo 2 ya salbutamoli kwa speisa (chombo kinachokaa kati ya pampu na uso wa mtoto). Chupa safi ya plastiki iliyokatwa vizuri inatosha. Baada ya dakika 15 hadi 20 rudia vipimo vilevile na uandike pembeni ya vya kwanza. Mwongozo unaruhusu kurudia hadi mara 3. Namba zikibaki palepale, andika "hakuna jibu, isirudiwe" na uweke sahihi. Bila mstari huo zamu ya usiku itaanza upya, na mtoto atakesha mapigo yakienda 190, mikono ikitetemeka, hanyonyi.

Kusafisha pua nimekuweka mwanzoni makusudi. Mtoto wa miezi 3 anapumua kwa pua karibu wakati wote. Matone 2 ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kila tundu, subiri kidogo, kisha fyonza mlangoni tu mwa pua. Kuingiza mpira hadi kooni kila saa kunavimbisha na kuchubua, uvimbe unaziba zaidi. Wengi wa "waliopata nafuu kwa mvuke" ni pua iliyozibuka.

Deksamethasoni sina mengi: watoto 600 kwenye hospitali 20 za Marekani, matokeo yakachapishwa 2007, dozi ya miligramu 1 kwa kilo. Waliopewa dawa walilazwa asilimia 39.7, wasiopewa 41.0. Ni kitu kilekile. Anayetaka kuitunza aitunze kwa ajili ya krupu (uvimbe wa koo la hewa) na pumu.

Antibayotiki nitakuwa mwangalifu kuliko miongozo ya Ulaya. Kwetu mtoto mwenye oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, asiyeweza kunyonya au aliyelegea, mara nyingi ataanzishiwa ampisilini na jentamaisini, na sitamlaumu tabibu aliye peke yake saa nane usiku. Kosa ni seftriaksoni iliyoanza Jumatatu kuendelea hadi Jumapili kwa sababu hakuna aliyeuliza. Anayeanzisha aandike papo hapo tarehe na saa ya kuangalia tena, saa 48 mbele. Ikifika, kama homa hakuna, anapumua vizuri na miluzi ni ya pande zote, inasimama. Isibadilishwe kuwa ya kunywa "amalizie", inasimama.

Kinachobaki ni oksijeni na chakula, na hapa ndipo nguvu mliyookoa inatakiwa iende. Oksijeni kwa mpira wa puani: nusu lita hadi lita 1 kwa dakika kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 2, lita 1 hadi 2 kwa aliyezidi hapo, lengo 90 na kuendelea. Kila siku walio imara wajaribiwe bila oksijeni: itoe, mwangalie dakika 15, ikibaki juu ya 90 iache, pima tena baada ya nusu saa, kisha kila saa 3 siku hiyo ya kwanza. Wodi nyingi hazina zoezi hili, na mtoto anakaa na mpira siku 2 za ziada bila sababu.

Akishatoka kwenye oksijeni mvue kipima oksijeni cha kudumu. Utafiti wa Toronto wa 2016 uliwafunga watoto 118 walioruhusiwa nyumbani kipimo kisichoonyesha namba kwa wazazi: asilimia 64 walishuka chini ya 90 kwa angalau dakika moja, na hawakurudi hospitali mara nyingi kuliko wenzao ambao hawakushuka. Ukiiangalia skrini usiku kucha hutamruhusu mtoto yeyote.

Chakula: anayenyonya anyonye kidogo kidogo mara nyingi. Pumzi zikizidi 60 au akichoka, mpira wa kulishia na maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mtoto wa kilo 6 anahitaji takriban mililita 600 kwa siku. Siku zile mbaya wengi tunaanza na theluthi mbili, yaani mililita 50 kila saa 3, tunapandisha anavyotulia. Dripu ni kwa anayetapika kila kitu au anayekaribia kuchoka kupumua. Kumtafutia mshipa mtoto mnene wa miezi 4 mara 5 kunamchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Namna ya kubadilisha wodi. Australia na New Zealand walilifanya hili mwaka 2017 kwenye hospitali 26, wakifuata mambo 5: picha, salbutamoli, steroidi, antibayotiki, adrenalini. Waliopewa msaada wa kubadilika walikuwa na madaktari na wauguzi wa kuongoza, mafunzo, na hesabu zao wakirudishiwa. Watoto ambao hawakupewa hata kimoja kati ya vile 5 ndani ya saa 24 za kwanza walifika asilimia 85, kule kwingine 73. Nakili hilo. Chukua mafaili 30 ya mwisho, chora safu 5, weka tiki, bandika ukutani bila majina ya watoa huduma. Rudia kila mwezi.

Yatakayokuharibia ni matatu. La kwanza, hesabu yako ikifuata neno lililoandikwa kwenye faili, watu wataanza kuandika "nimonia" na chati itapendeza. Hesabu kwa dalili na umri. La pili, dawa zinaanzia mapokezi ya wagonjwa wa nje, mtoto anafika wodini mkono tayari una kanula. Kiongozi mmoja atoke kule. La tatu, mama hajaelezwa. Mwambie siku ya kwanza: "Mama, hiki ni kifua cha virusi, kesho huenda akaonekana kuchoka zaidi ya leo kabla hajapata nafuu. Sisi tunamshikia pumzi na maziwa. Ukiona amesita kupumua, midomo imebadilika rangi au hanyonyi, niite hapohapo." Asipoambiwa, ndugu watanunua dawa duka la nje na kumpa chini ya shuka.

Pembeni ya zile safu 5 ongeza nyingine 3: waliorudi ndani ya siku 7, waliopewa rufaa, waliofariki. Zikipanda, simama na upitie mafaili moja moja.

Halafu andika hapa flomita zenu (vipimo vya mtiririko wa oksijeni) ni za aina gani. Zile za watu wazima za hadi lita 15 hazisomi nusu lita kwa uhakika, na kama mtungi mmoja unagawanywa kwa watoto wanne, tulijadili hilo kabla ya mengine yote.