Miwani Myeusi ya Mlinzi: Kabla Hujanunua

Kila vikao vya Bunge vikianza, kuna kijana wa hapa Dodoma ataniuliza: "Kaka, miwani kama ile ya walinzi wa viongozi inapatikana wapi?" Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, kazi zangu ni makongamano, harusi kubwa na wafanyabiashara wanaokuja kufuatilia mambo yao wizarani kule Mtumba. Walinzi wa Ikulu siwasemei. Ila vifaa vyetu vinafanana, na sababu za kuvivaa si siri.

Ya kwanza ni kuficha unakotazama. Mwenye nia mbaya huanza kwa kumsoma mlinzi: macho yakienda kushoto, yeye anapita kulia. Miwani inamnyima hiyo nafasi. Sasa vijana wengi wanavaa miwani halafu wanazungusha kichwa kizima kama feni, faida yote inapotea. Kichwa kitulie, macho ndiyo yatembee. Na tazama mikono ya watu kuliko sura zao. Mtu anaweza kukuchekea vizuri tu, lakini mkono uliozama ndani ya koti zito, Dodoma, saa nane mchana mwezi wa Oktoba, huo usiuache hivi hivi.

Kwetu huku kuna sababu nyingine ambayo mtu wa Dar anaweza asiielewe: upepo na vumbi. Simama nje ya Uwanja wa Jamhuri kiangazi upepo ukivuma, utaona watu wote wanafumba macho kwa pamoja. Sekunde hizo mbili tatu ndizo mlinzi anatakiwa awe anaona. Kwa hiyo chagua fremu inayokumbatia uso hadi pembeni, na lenzi za polikaboneti, ile plastiki ngumu, maana hazivunjiki ovyo kama kioo kitu kikikurukia.

Usidanganywe na weusi wa lenzi. Lenzi nyeusi isiyozuia miale ya UV, ile ya jua inayodhuru macho, ni hatari kuliko kukaa bila miwani, kwa sababu kwenye giza mboni inapanuka na miale inaingia zaidi. Tafuta yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miale hiyo, na kwa kuwa alama hata mchuuzi wa barabarani anaweza kuibandika, ipeleke duka la miwani lenye mashine ya kupimia. Zile lenzi za kukata mng'ao (polarized) ni nzuri ukiwa barabarani, ila jaribu kwanza kutazama simu yako ukiwa umezivaa; kuna pembe ambayo skrini inakuwa nyeusi kabisa, na wewe unasubiri ujumbe wa bosi.

Ukumbini vua. Nimemwona mlinzi kwenye harusi maeneo ya Area D, usiku, taa za rangi zinawaka, yeye na miwani yake akikagua kadi ya mwalikwa aliyoishika juu chini. Bibi mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, igeuze basi." Tulicheka, lakini mlangoni pale angeweza kupita yeyote.

Ule mrija wa sikioni uliojikunja unapeleka sauti ya redio sikioni mwako peke yako, na umejikunja ili ukigeuka usichomoke. Vaa sikio moja tu, la pili liachie watu. Koti lisibane, vifungo usifunge ukiwa kazini. Viatu soli ya mpira. Soli ngumu kwenye marumaru za hoteli inateleza.

Kombati za mabakamabaka achana nazo kabisa. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ walitangaza watu wazisalimishe. Bado kuna wanaozivaa wakidhani zinatisha. Ukija nazo kwenye lango ninalosimamia mimi, utarudi nyumbani kubadilisha, na posho ya siku hiyo anachukua mwingine.