Sauti ya juu ni ipi: kubwa au nyembamba?

SWALI: Natafsiri sura ya mawimbi ya sauti katika kitabu cha fizikia cha sekondari. Mhariri amenirudishia sentensi hii ikiwa imepigwa kalamu nyekundu: “Tukiupiga uzi wa gitaa kwa nguvu zaidi, sauti huwa ya juu, na tukiukaza, sauti huwa ya juu zaidi.” Anasema nimechanganya mambo mawili. Mimi naona Kiswahili ndicho kilichopungukiwa. Je, tuna maneno ya kuyatenganisha, au niandike “toni” nimalize?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na Kiswahili hakijapungukiwa kitu. Sentensi yako inasema kwamba kupiga kwa nguvu na kukaza uzi huleta matokeo ya aina moja, ila la pili limezidi. Mwanafunzi akiiamini atafeli mtihani.

Tuanze na neno “juu”. Mtu akikuambia “ongea kwa sauti ya juu”, unafanya nini? Unaongea kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. Hubani koo ili sauti itoke kama ya ndege. Na “kwa sauti ya chini” ni kunong’ona au kukaribia huko. Hata “kupaza sauti” ni hivyo hivyo: paza ni kufanya kitu kipae, na sauti iliyopazwa ni iliyotolewa kwa nguvu. Kwa hiyo katika Kiswahili cha kila siku juu na chini zimekwisha kuchukuliwa na upande wa nguvu. Ukizitumia tena kwa jambo la pili, msomaji atakuelewa vibaya, na hatakuwa na kosa.

Jambo la pili lina maneno yake ya siku nyingi: sauti nyembamba na sauti nene, au nzito. Mvulana akibalehe twasema sauti yake imekuwa nzito. Ukisema imekuwa “ya chini”, watu watadhani anaumwa au ana haya.

Sasa tazama uzi wenyewe. Unapoupiga, unakwenda huku na huku, na kila uendapo unaisukuma hewa iliyo karibu nao na kwenye mbao za gitaa. Msukumo huo husafiri hadi sikioni kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde, hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Mtetemo huo una mambo mawili yasiyohusiana sana. La kwanza ni umbali ambao uzi unayumba kutoka pale ulipotulia. Ukiupiga kwa nguvu unayumba mbali zaidi, hewa inasukumwa zaidi, na sauti inakuwa kubwa. La pili ni mara ngapi unayumba kwa sekunde moja. Mara chache, sauti nzito. Mara nyingi, sauti nyembamba. Noti ambayo wanamuziki wengi hulinganishia ala zao ni mitetemo 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. Ukiipiga taratibu au kwa nguvu, inabaki 440. (Mpiga gitaa hodari atanikosoa kwamba uzi uliovutwa kwa nguvu nyingi mno hukazika kidogo na mitetemo yake kuongezeka kidogo kabla haujatulia. Ni kweli, lakini si jambo la kitabu chako.)

Ukitaka kipimo cha haraka, shika kitufe cha redio. Unapoongeza sauti, mwimbaji wa besi hageuki kuwa soprano. Kinachoongezeka ndicho tunachokiita ukubwa. Kisichobadilika ndicho wembamba na uzito.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa kidogo, kwa sababu vivumishi hivi vinakubaliana na fizikia kuliko hata tunavyodhani. Gitaa lina nyuzi sita zenye urefu uleule, sentimita 65 hivi. Ukilitazama utaona uzi mnene una sauti nene na mwembamba una nyembamba: ule wa besi unatetemeka mara 82 kwa sekunde, na wa mwisho upande wa pili karibu mara 330, yaani mara nne zaidi. Mfaransa Marin Mersenne aliiandika kanuni ya nyuzi mwaka 1636. Ukiukata urefu wa uzi nusu, mitetemo inakuwa maradufu. Ukitaka maradufu hiyo kwa kukaza, itakubidi uukaze mara nne. Na ukiuongezea uzi uzito mara nne kwa kila sentimita, mitetemo inapungua nusu.

Umeona nilivyosema? Uzito, si unene. Na hili si kuchezea maneno. Chukua gitaa la nyuzi za nailoni. Kwa seti za kawaida, uzi wa tatu ni nailoni tupu, una unene wa milimita moja hivi. Wa nne umezungushiwa waya wa shaba, na unene wake ni karibu robo tatu ya milimita tu. Kwa macho, wa nne ni mwembamba kuliko wa tatu. Upige: wa tatu mitetemo 196, wa nne 147. Mwembamba ndio wenye sauti ya besi, kwa sababu shaba imeufanya uwe mzito. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya “sauti nene” na “sauti nzito” katika kitabu cha fizikia, nachagua nzito bila kusita. “Nene” nawaachia wasimulizi. Kwao mara nyingi inabeba pia ile hali ya sauti iliyojaa, na hilo ni suala la tatu nitakalolifikia.

Vivumishi tu havitoshi. Utahitaji nomino pia, maana huwezi kuandika “wembamba na uzito wa sauti” kila mstari. Watu wa fonolojia, yaani elimu ya mifumo ya sauti za lugha, wana neno “kidatu”. Lichukue. Lina ndani yake wazo la ngazi, kwa hiyo kidatu kinaweza kuwa cha juu au cha chini, kikapanda na kushuka, na hakuna atakayedhani unazungumzia makelele. Ndiyo ajabu yake: “sauti ya juu” ina utata, “kidatu cha juu” haina.

Kuhusu “toni”, nakushauri uiogope. Katika isimu toni ni kidatu kinachobadilisha maana ya neno, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili sanifu hakina hiyo. Sisi tunatumia mkazo, ndiyo maana barabara ya kupita na barabara ya “sawasawa” zinatofautiana kwa mahali pa kukazia tu. Katika muziki, toni ni umbali kati ya noti mbili: toni nzima, nusu toni. Kutoka hezi 440 ukipanda nusu toni unafika 466. Na mtaani mtu atakuambia “sikupenda toni yake”, akimaanisha jinsi alivyojibiwa. Neno lenye kazi tatu usilipe ya nne. Libakize kwenye nusu toni basi.

Jambo la tatu ni lile linalotufanya tujue hii ni filimbi na ile ni gitaa, ingawa zote mbili zinatoa hezi 440 kwa ukubwa uleule. Wajerumani huliita rangi ya sauti, na baadhi ya wafasiri wetu wamelifuata hilo. Mimi sioni haja. Tunalo neno “mlio”. Hakuna anayesema rangi ya zumari. Anasema mlio wa zumari. Chanzo chake ni kwamba uzi hautetemeki kwa namna moja tu. Uzi mzima unatetemeka, na papo hapo nusu zake zinatetemeka, na theluthi zake, na robo zake. Uzi wa hezi 220 unatoa pia 440, 660, 880 na kuendelea, ila kwa nguvu ndogo tofauti tofauti. Gusa uzi katikati kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, uupige, kisha uondoe kidole: ile 220 inanyamaza na unasikia 440 iliyokuwa imejificha ndani yake. Mchanganyiko huo ndio mlio. Ukiupiga uzi juu ya tundu la gitaa unatoa mlio laini; ukisogea karibu na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la gitaa, unakuwa mkali, kwa kuwa vile vipande vidogo vimepata nguvu zaidi. Kidatu hakijasogea.

Mwisho, naona mahali pengine umeandika “masafa” kwa idadi ya mitetemo. Jihadhari. Masafa asili yake ni umbali, na “masafa mafupi” ya redio yanahusu urefu wa wimbi. Wimbi fupi ndilo lenye mitetemo mingi: hezi 440 ina wimbi la sentimita 78, hezi 100 la zaidi ya mita tatu. Mwanafunzi akikutana na “masafa ya juu” ukurasa mmoja na “masafa marefu” ukurasa wa pili ataona ni kitu kimoja, kumbe ni kinyume. Andika “marudio”, au “mitetemo kwa sekunde”, na umbali uuite urefu wa wimbi.

Sentensi yako basi, mimi ningeiandika hivi: “Tukiupiga uzi wa gitaa kwa nguvu zaidi, sauti huwa kubwa, tukiukaza, huwa nyembamba, na tukiupigia karibu na daraja, mlio hubadilika lakini kidatu hubaki kilekile.”