Hesabu ya vichwa haitoshi, andikeni na siku za kukaa

Kila gereza nililofanyia kazi hapa Tanzania lilihesabu watu asubuhi wakati wa kufungua na jioni wakati wa kufunga, na hesabu hizo zilikuwa sahihi. Zisipolingana hakuna askari anayekwenda nyumbani. Lakini muulize mkuu wa gereza kwa nini mahabusu wamejaa mwaka huu kuliko mwaka jana, uone kama hesabu hizo zitamsaidia. Zinamwambia wako wangapi. Hazimwambii wanaingia kwa kasi gani wala wanakaa muda gani, na msongamano unazaliwa hapo.

Ninyi vijana mnaopangiwa ofisi ya mapokezi na kumbukumbu, shikeni jambo hili: idadi ya watu waliomo ni wanaoingia kwa siku, mara wastani wa siku anazokaa mtu. Gereza likipokea watu 10 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 30, litakuwa na watu 300. Wakianza kukaa siku 45, watafika 450 hata kama polisi hawajaongeza kukamata mtu mmoja. Nimekaa kwenye vikao ambako kila mzungumzaji alilaumu uhalifu kuongezeka, ilhali rejesta ya mapokezi ilionyesha wanaoingia ni kiasi kilekile. Kilichobadilika ni upelelezi kuchelewa, kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa.

Wastani nao unaficha mengi. Chukua watu 10 wanaoingia kila siku. Tisa wanatoka baada ya siku 10, na mmoja, tuseme wa kesi ya mauaji isiyo na dhamana, anakaa siku 400. Hali hiyo ikishatulia, siku yoyote utakayoingia mabwenini utakuta watu 490: 90 wa muda mfupi na 400 wa muda mrefu. Askari wa getini ataapa kwamba karibu wote wanatoka haraka. Askari wa bwenini ataapa kwamba karibu wote ni wa kukaa. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa anachokiona. Kwa hiyo ripoti ya mwezi itenganishe mambo haya mawili: waliotoka walikaa siku ngapi, na waliomo leo wameshakaa siku ngapi. Faida yake ni kubwa. Ukiwawahisha wale tisa kutoka kwa siku moja, gereza linapungua watu 9. Ukimwahisha yule mmoja kwa siku 100, linapungua watu 100.

Cha kuandika si siri. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila mtu anapopokelewa iandikwe sababu ya kuletwa, siku, saa na mahali alipokamatwa, saa aliyoingia, majeraha yanayoonekana, mali zake, na familia yake wakiwemo watoto. Kanuni ya 10 inakwenda mbele zaidi: kumbukumbu hizo zitumike kutoa takwimu za mwenendo wa gereza, ukiwemo ujazo wake, ili maamuzi yawe na msingi. Mimi naongeza safu mbili ambazo mara nyingi nimezikuta tupu. Ya kwanza ni namna alivyotoka: dhamana, kuachiwa huru, kesi kufutwa, kumaliza kifungo, msamaha, kuhamishwa, kufariki. Ya pili ni mahabusu ambaye dhamana yake iko wazi lakini hajatimiza masharti.

Safu hiyo ya pili ndiyo ninayoipigania kuliko zote. Ukienda kwenye kikao cha kusukuma mashauri, ambako mahakama, polisi na magereza hukutana kuharakisha kesi, ukasema "tumejaa", watakupa pole. Nenda na karatasi moja yenye namba za kesi, tarehe ya kuingia, tarehe ya mwisho kutajwa na sharti lililomshinda kila mtu, iliyopangwa kuanzia aliyekaa siku nyingi zaidi. Nimeona masharti ya dhamana yakilegezwa kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo, kwa watu waliokwama kwa kukosa tu mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa. Fanya vivyo hivyo kwa waliofungwa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inatoa nafasi kwa kifungo kisichozidi miaka 3 kutumikiwa nje ya gereza, lakini ofisa wa huduma hiyo hawezi kumjua mtu ambaye hujamweka kwenye orodha.

Usafi wa data ni kazi ya kila siku. Mohamedi wa jana anakuwa Muhammad leo, kwa hiyo mfuate mtu kwa namba yake, na aliyewahi kuingia arudi kwenye namba ileile. Aliyehamishwa kutoka gereza jingine asijumlishwe na wapya, la sivyo mkoa utaonekana umepokea watu wawili badala ya mmoja. Umri wa kukadiria uandikwe kuwa ni wa kukadiria, hasa kwa kijana anayeonekana hajafika miaka 18. Na waliokwenda mahakamani, hospitalini au kwenye kazi za nje wawe na safu yao, kwa sababu waliomo kitabuni na waliomo ndani ni hesabu mbili.

Unapolinganisha magereza mawili kwa vifo, kifua kikuu au ugomvi, gawanya kwa idadi ya watu waliomo. Gereza kubwa litakuwa na matukio mengi hata likitunzwa vizuri.

La mwisho ni faragha, na hapa sitaki mzaha. Penye upungufu wa askari kuna kishawishi cha kumpa mfungwa mwenye mwandiko mzuri ajaze rejesta. Asiguse safu ya afya wala ya kosa. Nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, akijua nani anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au nani ameshtakiwa kwa ubakaji, huyo mtu atalala wapi usiku? Faili la afya likae kwa mganga, kabatini, na ufunguo awe nao yeye.