Pikipiki kuzimika unapoachia mafuta
Ndugu yangu, kwa kuwa umeeleza kwamba pikipiki yako ya cc 125 hukimbia vizuri barabarani lakini huzimika unapoachia mafuta, isipokuwa choki ikiwa imevutwa, injini haipati petroli ya kutosha kulingana na hewa inayoingia. Usikimbilie kukaza skrubu ya silensa, yaani ile ya kuongeza mwendo wa injini mafuta yakiwa yameachiwa, kwani utauficha tu ugonjwa. Fungua kabureta, usafishe jeti ndogo (kipande chenye tundu jembamba la kupitishia petroli) kwa upepo wa kompresa, na nakusihi sana usiichokonoe kwa waya, maana tundu lake likipanuka hata kidogo jeti hiyo imeharibika. Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini: ukiunyunyizia maji injini ikiwa inanguruma, na mlio ukabadilika, mpira huo una ufa.